Kashata za maziwa: Fursa ya jikoni inayodai mzani na daftari

MKOA wa Morogoro una karibu kila kitu anachohitaji mpishi wa kashata. Sukari inazalishwa Kilombero, Mtibwa na Mbigiri. Maziwa yanatoka kwa wafugaji wa Mvomero na Kilosa, na kwenye mabanda ya mbuzi huko Mgeta. Iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga vinashuka kutoka miteremko ya Uluguru, maeneo kama Kinole, Tegetero, Tawa na Matombo.

Pamoja na neema hiyo, mteja anayeingia dukani katika mji kasoro bahari kutafuta kitu kitamu cha kumpelekea mtoto, mara nyingi hutoka na pipi au biskuti ya kiwanda cha mbali. Maziwa ya jioni yaliyokosa mnunuzi huganda ndani ya kibuyu, na iliki ya mkulima huuzwa kwa mchuuzi ikiwa bado ndani ya gunia.

Kashata za maziwa ni moja ya njia za kubadili hali hiyo kwa mtaji mdogo. Zinapikwa kwa sufuria moja, jiko moja na mwiko mmoja. Hata hivyo, si kila anayepika kashata anapata faida. Wengi huanza kwa ari, wakauza sana, kisha baada ya miezi michache wakajikuta hawana hata fedha ya kununulia sukari. Kinachowaangusha si ladha, bali ni kukisia: kukisia moto, kukisia uzito na kukisia gharama.

Kashata za aina nyingi

Wengi wanaijua kashata ya karanga na ile ya nazi, ambazo tangu zamani huuzwa pamoja na kahawa chungu. Kashata ya maziwa ni ndugu yao. Wenye asili ya Kihindi wana barfi, inayotengenezwa kwa maziwa yaliyopikwa mpaka yakakauka. Nchini Marekani kuna faji, ambayo ilianza kupata umaarufu miaka ya 1880 miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vya wanawake, kikiwamo Chuo cha Vassar. Wanafunzi hao waliipika mabwenini na kuiuza kuchangisha fedha. Bidhaa inayouzwa leo katika maduka makubwa ya Ulaya na Marekani ilianza kama kazi ya jikoni.

Msingi wa zote ni mmoja. Sukari inayeyushwa ndani ya maziwa, maji yanapunguzwa kwa moto, kisha mchanganyiko unaachwa ugande. Tofauti kati ya kashata laini inayoyeyuka mdomoni na ile yenye chengachenga kama mchanga iko kwenye namna inavyopikwa na kupozwa.

Mahitaji

Kwa mpiko mmoja wa kuanzia, mjasiriamali anahitaji maziwa freshi lita 2, sukari kilo 1, samli au siagi gramu 100, iliki punje 10 zilizotwangwa na chumvi robo kijiko cha chai. Mdalasini wa unga unaweza kuongezwa kidogo.

Vifaa ni sufuria pana yenye kitako kizito, mwiko mrefu wa mti, sinia au trei bapa, kisu, bakuli la maji baridi na mzani wa jikoni. Kipimajoto cha kupikia kinasaidia, lakini asiyekuwa nacho anaweza kufanya kazi bila shida.

Maziwa lazima yawe mapya. Yaliyoanza kuchachuka yatakatika mara yanapochemka na mpiko mzima utaharibika. Njia rahisi ya kuyajaribu ni kuchemsha kiasi kidogo kwenye kikombe cha bati kabla ya kumimina yote. Yakikatika, hayafai kwa kashata.

Wanaotumia maziwa ya mbuzi wazingatie harufu. Maziwa ya mbuzi hushika harufu ya beberu kwa urahisi, hivyo beberu atengwe na majike, hasa wakati wa kukamua, na maziwa yafunikwe mara moja. Iliki na mdalasini husaidia kuipendezesha ladha, lakini haviwezi kuficha maziwa yaliyokamuliwa katika banda chafu.

Hatua za upishi

Kwanza, chuja maziwa na uyachemshe kwa moto wa wastani huku ukikoroga, mpaka yapungue na kubaki kiasi cha lita 1. Usiyaache bila kukoroga, kwa kuwa yataungua chini na harufu ya moshi haitatoka tena.

Pili, punguza moto, mimina sukari na koroga taratibu mpaka iyeyuke yote kabla mchanganyiko haujachemka tena. Chembe zilizonata kwenye kingo za sufuria zifutwe kwa brashi au kitambaa safi kilicholoweshwa maji. Chembe moja ya sukari isiyoyeyuka inatosha kuvuta nyingine wakati wa kupoa, na hapo ndipo chengachenga huanzia.

Tatu, ongeza samli na chumvi, kisha rudisha moto wa wastani. Mchanganyiko utachemka kwa mapovu makubwa, baadaye mapovu yatakuwa madogo na mazito, na rangi itaelekea kahawia hafifu. Iliki iwekwe mwishoni ili harufu isipotee na mvuke.

Nne, pima. Chovya kijiko, dondosha tone la shira kwenye bakuli la maji baridi, kisha likusanye kwa vidole. Likitawanyika ndani ya maji, bado. Likifanya kidonge laini kinachobonyea bila kuvunjika, epua mara moja. Likiwa gumu kama pipi, umepitiliza.

Tano, weka sufuria mahali tulivu na usiikoroge. Hapa ndipo wengi hukosea kwa haraka. Mchanganyiko ukikorogwa ukiwa wa moto sana, sukari huganda katika chembe kubwa. Subiri mpaka kitako cha sufuria kiweze kuguswa kwa kiganja bila kuunguza, yaani karibu nyuzi 50 za Sentigredi.

Sita, sasa piga kwa mwiko kwa nguvu bila kupumzika. Baada ya dakika kadhaa mng'ao utapotea na mchanganyiko utakuwa mzito. Mimina haraka kwenye sinia lililopakwa samli, sawazisha na ukate vipande ikiwa bado vuguvugu.

Mpiko ulioharibika si wa kutupa. Kashata yenye chengachenga au iliyokuwa ngumu inaweza kurudishwa jikoni na kikombe cha maziwa au maji, ikayeyushwa yote kwa moto mdogo, kisha ikapikwa upya hadi kipimo cha kidonge. Iliyobaki laini kama ugali wa mtoto inahitaji tu kupikwa zaidi. Iliyoungua ndiyo haina dawa.

Mlimani na mjini ni tofauti

Wenye vipimajoto hukutana na tatizo moja ambalo vitabu vingi vya mapishi havilielezi. Vitabu huelekeza kuepua kashata ya aina hii kati ya nyuzi 112 na 116. Kipimo hicho ni cha watu wa pwani, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 100.

Kadiri mtu anavyopanda mlima, maji huchemka mapema zaidi, kwa tofauti ya takriban nyuzi 1 kwa kila mita 300. Morogoro mjini, penye mwinuko wa karibu mita 500, maji huchemka kwenye nyuzi 98 na kidogo. Katika vijiji vya juu vya Mgeta, penye mita 1,500 na zaidi, maji huchemka karibu nyuzi 95 au chini yake. Anayepika huko akisubiri nyuzi 114 za kitabu atapata jiwe, kisha atalaumu sukari.

Dawa ni rahisi. Chemsha maji matupu kwanza, soma kipimajoto, kisha ongeza nyuzi 14. Kama maji yamechemka kwenye nyuzi 98, epua shira kwenye nyuzi 112. Kama yamechemka kwenye nyuzi 95, epua kwenye 109. Kipimo cha kidonge ndani ya maji baridi chenyewe hakidanganyi, uwe Msamvu au Nyandira.

Yenye chumvi na pilipili manga

Si kila mteja anapenda utamu mtupu. Watu wazima, hasa wanywaji wa kahawa, hupenda kashata yenye chumvi inayosikika, karanga zilizokaangwa na mwasho kidogo. Kwa mpiko uleule wa kilo 1 ya sukari, chumvi iongezwe hadi kijiko kimoja cha chai, karanga zilizokaangwa na kumenywa robo kilo, na pilipili manga iliyotwangwa nusu kijiko cha chai. Karanga ziingizwe mwishoni wakati wa kupiga. Tangawizi kavu ya unga inaweza kuchukua nafasi ya pilipili manga.

Wapo wanaotaka kupunguza sukari kwa nusu ili kashata iwe ya chumvi hasa. Inawezekana, lakini wajue wanachofanya. Sukari ndiyo inayozuia vijidudu kukua, kwa kuwa inayashika maji yaliyobaki ndani ya kashata. Sukari ikipungua, bidhaa inakuwa karibu na maziwa mabichi kuliko kashata. Ya namna hiyo ipikwe kwa oda na iliwe siku hiyohiyo, isipelekwe dukani kukaa kwenye rafu.

Hesabu za mpiko mmoja

Maziwa lita 2, sukari kilo 1 na samli gramu 100 hutoa kiasi cha kilo 1 na gramu 400 za kashata, baada ya kutoa inayonata kwenye sufuria. Ikikatwa vipande vya gramu 25, ni vipande 56. Tuseme 6 vinavunjika, vinaliwa na watoto au vinatolewa kama kionjo. Vya kuuza ni 50.

Tuchukue mfano wa bei za kufanyia hesabu, ambazo kila msomaji atazibadili kulingana na soko lake. Maziwa lita 2 ni Sh4,000, sukari Sh3,000, samli Sh1,500, mkaa Sh1,500, viungo Sh500 na vifungashio Sh1,500. Nguvu kazi ya mpishi na muuzaji ihesabiwe Sh4,000. Jumla ni Sh16,000, sawa na Sh320 kwa kipande.

Akiuza kwa wenye maduka Sh400 kila kipande, atapata Sh20,000. Faida ni Sh4,000, na bado amejilipa Sh4,000 za kazi yake.

Sasa tuangalie yule anayekisia. Anaona jirani anauza Sh400, naye anashusha hadi Sh300 ili amalize haraka. Anapata Sh15,000. Mkaa ulikuwapo nyumbani, hakuuhesabu. Kazi yake mwenyewe hakuihesabu. Kwa hiyo anaona ametumia Sh10,500 na kufurahia faida ya Sh4,500. Ukweli ni kwamba amepata hasara ya Sh1,000, na hasara hiyo imelipwa na gunia la mkaa la familia na jasho lake. Akipika mara 20 kwa mwezi, hasara ni Sh20,000, na mkaa unapokwisha hajui umekwenda wapi.

Sukari nayo haikai bei moja. Mwanzoni mwa mwaka 2024, baada ya mvua kubwa za El Nino kukwamisha uvunaji wa miwa, sukari iliadimika nchini na bei ikapanda, hadi Serikali ikatangaza bei elekezi. Katika mfano wetu, sukari ikipanda kwa Sh1,000 gharama ya kipande inafika Sh340. Mwenye daftari ataona hilo siku hiyohiyo na kuamua kama apandishe bei au apunguze ukubwa wa kipande kwa kumweleza mteja. Asiye na daftari atagundua mtaji ulipokwisha.

Soko liko wapi?

Kashata ya gramu 25 iliyofungwa vizuri inafaa maduka, kantini za ofisi na vyuo, mahafali na harusi. Muuza kahawa wa kijiweni haitaki, kwa sababu mteja wake anatafuta kipande kidogo cha bei ndogo.

Kwa soko hilo, mpiko uleule ukatwe vipande vya gramu 10. Vitapatikana 140, na vikivunjika 10 vinabaki 130. Bila kifungashio cha kila kipande, gharama ni Sh14,500, yaani karibu Sh112 kwa kipande. Muuza kahawa akiuziwa kwa Sh150 naye akauza kwa Sh200, mpishi atapata Sh19,500 na faida ya Sh5,000. Kipande kidogo cha kijiweni kinaweza kulipa kuliko kile kikubwa cha dukani, na anayejua hilo ni aliyepiga hesabu.

Stendi ya Msamvu imekuwa soko la wachuuzi kwa miaka mingi kutokana na mabasi ya kwenda Iringa, Mbeya na Dodoma. Lakini tangu treni ya SGR ilipoanza safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, wapo abiria waliohamia huko. Si busara kutegemea dirisha la basi pekee. Soko Kuu la Chifu Kingalu, maduka ya mitaani na maonyesho ya Nanenane kila Agosti ni milango mingine ya kubisha.

Usafi, karanga na sheria

Karanga zichambuliwe moja moja kabla ya kukaangwa. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe, kwani zinaweza kuwa na sumukuvu. Kukaanga hakuimalizi sumu hiyo. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye chakula, hivyo si jambo la kufanyia mzaha ili kuokoa kibaba kimoja.

Kashata ihifadhiwe kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, mbali na jua. Ya nazi huchacha mapema zaidi kwa sababu ya mafuta yake. Badala ya kubuni tarehe ya mwisho wa matumizi, mpishi atenge vipande vichache vya kila mpiko, avionje na kuvikagua kila baada ya siku mbili, na kuandika siku vilipobadilika harufu, rangi au ugumu. Tarehe ya kwenye lebo iwe kabla ya siku hiyo.

Kwa upande wa sheria, usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) mwaka 2019, kutoka iliyokuwa TFDA. Mjasiriamali mdogo anashauriwa kuanzia ofisi ya SIDO ya mkoa, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Huko atapata mafunzo, ushauri wa vifungashio na utambulisho wa kwenda TBS. Kwa kuwa bidhaa ina maziwa, aulize pia kwa ofisa mifugo kuhusu matakwa ya Bodi ya Maziwa. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kina wataalamu wa sayansi ya chakula hapohapo Morogoro.

Lebo ieleze jina la bidhaa, vilivyomo, uzito, mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho. Karanga zitajwe waziwazi, kwa sababu wapo watu zinaowadhuru vibaya. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, hivyo mteja apewe mfuko mbadala.

Mkulima anafaidikaje?

Mfugaji ndiye anayeguswa moja kwa moja. Lita 2 zilizouzwa mbichi katika mfano wetu zina thamani ya Sh4,000. Zikiwa kashata na kuuzwa jumla, familia inabaki na Sh8,000 nyingine za kazi na faida. Wakati wa masika, maziwa yanapokuwa mengi na bei kushuka, pengo hilo huwa kubwa zaidi.

Kwa mkulima wa viungo, ukweli usemwe. Mpiko mmoja hautumii hata gramu 5 za iliki, hivyo kilo moja inatosha mipiko 200. Kashata peke yake haiwezi kununua mavuno ya Kinole. Inachoweza kufanya ni kulitangaza jina la Uluguru kwenye lebo, na kumfundisha mnunuzi kutofautisha iliki iliyokomaa na kukaushwa vizuri na ile iliyochumwa changa kwa sababu ya shida. Kikundi cha mlimani kinachopika chenyewe na kufunga viungo vyake kwenye pakiti ndogo, kikauza vyote kwenye meza moja, kinapata zaidi ya kinachosubiri mchuuzi wa gunia.

Anayetaka kuanza asikimbilie kukopa. Apike mpiko mmoja, aupime kwenye mzani, aandike kila shilingi iliyotumika ukiwamo mkaa wa nyumbani, auze wote, kisha alinganishe. Afanye hivyo mara tano kabla ya kununua sufuria kubwa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kashata ni mali inayoliwa haraka kuliko nyingi.